Kigong'ota na Tawi Lililokauka katika Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Katika mitaa inayopakana na Eneo la Viwanda la Nairobi, kuanzia Makongeni na Kaloleni hadi Maringo, Jericho, Buruburu na South B, kigong'ota ni miongoni mwa ndege wachache wanaotambuliwa kwa sikio kabla ya jicho, na hutambuliwa hivyo mahali ambapo sikio lenyewe halina raha, kwa kuwa kelele za nyundo, za mashine za kukatia vyuma na za malori ya Barabara ya Jogoo na ya Lunga Lunga huanza kabla ya jua kuchomoza. Mazungumzo haya yanahusu namna ya kumtazama ndege huyo nyuma ya nyumba za mitaa hiyo, miongoni mwa sukuma wiki, kamba za nguo na matangi ya maji, na yanashikilia hoja moja, kwamba anayetaka kumwelewa kigong'ota wa Eastlands, yaani mitaa hii ya mashariki, hana budi kuanza na kitu ambacho wakazi wengi hukiona kuwa uchafu au hatari, yaani tawi lililokauka.

Mahali penyewe panastahili kuelezwa kwanza, kwa sababu Nairobi imejengwa juu ya mpaka wa ardhi mbili zisizofanana. Upande wa magharibi, ambako udongo ni mwekundu na ardhi inapanda, kulikuwa na msitu wa asili ambao mabaki yake ni Karura, City Park na Msitu wa Ngong. Upande wa mashariki, ambako udongo ni mweusi wa kunata, ule unaoshika magurudumu wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, kulikuwa na uwanda wa nyasi uliotandaa kuelekea Athi, na miti mikubwa ilisimama zaidi kandokando ya mito. Reli ilipofika mwaka 1899 na karakana zake zikawekwa kwenye tambarare, viwanda viliifuata reli na nyumba za wafanyakazi zikavifuata viwanda, na pamoja na nyumba hizo ikaja miti. Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, ulipangwa kwa kufuata wazo la Kiingereza la mji wa bustani, yaani mji ambao nyumba zake huzunguka viwanja vya wazi vyenye nyasi na vivuli. Buruburu, ulioanza kujengwa katika miaka ya 1970, ulizipa nyumba zake nyua ndogo ambamo wenyeji walipanda mparachichi, mpera, mwembe na mpapai, ingawa sehemu kubwa ya nyua hizo imekwisha kufunikwa na maduka na vyumba vya kupangisha. Kwa hiyo, ukiacha migunga michache iliyobaki kwenye kingo za Mto Ngong, karibu kila mti ambao kigong'ota wa Eastlands anaugonga leo ulipandwa na mkono wa mtu.

Tena mingi kati ya miti hiyo ilitoka mbali. Jakaranda, ambao kati ya Septemba na Novemba huzifunika barabara za Nairobi kwa maua ya zambarau, asili yake ni Amerika ya Kusini, na mgrevilea na mkaratusi asili yao ni Australia. Jambo hili lina uzito katika habari za kigong'ota, kwa maana familia yake, ambayo wanasayansi huiita Picidae na ambayo ina spishi zaidi ya 200 (spishi ni kundi la viumbe wanaozaana wao kwa wao), imeenea Afrika, Asia, Ulaya na Amerika lakini haikuwahi kufika Australia wala Madagaska. Mgrevilea, basi, ni mti ambao katika nchi ya asili yake haukuwahi kugongwa na kigong'ota hata mmoja, na huku Nairobi unagongwa. Ndege huyu hachagui mti kwa ukoo wake bali kwa hali ya mbao zake, akitafuta mahali ambapo gome limeachana na mti, ambapo kuvu imelainisha kiini, na ambapo mabuu ya mende, yaani watoto wa mende ambao bado hawajapata mabawa, wanatoboa njia zao ndani.

Kenya ina spishi zaidi ya kumi za vigong'ota, lakini mtazamaji wa mitaa ya mashariki anahitaji kuwajua vizuri wawili, na kumkumbuka wa tatu. Wa kwanza ni kigong'ota kadinali, Dendropicos fuscescens, ndege mdogo wa urefu wa sentimita 15 hivi, mwenye michirizi myeusi kifuani na milia mgongoni. Dume ana paji la uso la kahawia na utosi mwekundu, na jike ana paji hilohilo lakini kisogo chake ni cheusi. Wa pili ni kigong'ota wa Nubia, Campethera nubica, mkubwa zaidi, wa sentimita 20 hivi, ambaye tumbo lake jeupe lina madoadoa meusi ya mviringo. Dume ana wekundu tangu paji hadi kisogoni na mstari mwekundu wa shavuni unaofanana na sharubu, ilhali jike ana utosi mweusi wenye vidoti vyeupe, kisogo chekundu na sharubu nyeusi yenye vidoti. Wa tatu, kigong'ota kijivu, hutambulikana upesi kwa kifua cha kijivu kisicho na doa wala mstari, na kwa kiuno chekundu kinachoonekana anaporuka. Anayemwona kadinali mwenye wekundu utosini asiharakishe kusema ni dume, kwa kuwa makinda waliotoka tunduni hivi karibuni, wa kike kwa wa kiume, nao wana wekundu huo.

Umbo la ndege huyu lote limeelekezwa kwenye shina la mti. Vidole vyake viwili huelekea mbele na viwili nyuma, jambo linalomwezesha kushika gome kutoka pande mbili. Manyoya ya mkia wake yana mhimili mgumu, naye huyategemeza kwenye mti, hivyo anapogonga huwa amesimama juu ya nguzo tatu, miguu miwili na mkia, na ndiyo sababu hupanda mti kwa kurukaruka huku kichwa kikielekea juu. Pua zake zimefunikwa na vinyweleo vinavyozuia unga wa mbao, na jicho lake hufunikwa na utando mwembamba sehemu ndogo sana ya sekunde kabla ya mdomo kugusa mti. Ulimi wake ni wa ajabu zaidi: ni mrefu kuliko mdomo kwa mbali, una mate yanayonata, na mifupa myembamba inayoushikilia, iitwayo hayoidi, haikomei kooni kama ya binadamu, bali huzunguka nyuma ya fuvu na kupanda juu ya kichwa hadi karibu na paji la uso. Ndege akikaza misuli inayoizunguka mifupa hiyo, ulimi huchomoza na kuingia ndani kabisa ya kijia alichochimba buu, mahali ambapo mdomo usingeweza kufika.

Kuhusu fuvu, maelezo yaliyorudiwa vitabuni kwa miongo mingi yamelazimika kusahihishwa. Ilisemwa kwamba kati ya mdomo na ubongo kuna mfupa wenye matundumatundu unaofyonza mshtuko, na mafundi wakajaribu hata kubuni kofia za kinga kwa kuuiga. Mwaka 2022 Sam Van Wassenbergh wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, na wenzake, wakitumia kamera za kasi kubwa kupiga picha za vigong'ota wa spishi tatu, walichapisha katika jarida la Current Biology matokeo yaliyoonyesha kwamba fuvu hilo halifyonzi chochote cha maana, bali hufanya kazi kama nyundo, kitu kigumu kinachopeleka nguvu yote kwenye mti. Sababu yake ni ya wazi kwa yeyote aliyewahi kushika chombo cha kazi: nguvu inayofyonzwa kichwani ni nguvu isiyofika kwenye mbao, na ndege angelazimika kugonga kwa bidii zaidi ili kufidia hasara. Ubongo unasalimika kwa sababu ni mdogo mno, na shinikizo linaloujeruhi ubongo wa mtu halipatikani katika ubongo wa ukubwa huo kwa pigo hilohilo.

Sasa inafaa kurudi kwenye sauti, kwa sababu hapa ndipo mtazamaji wa nyuma ya nyumba anapoweza kujifunza mengi bila kifaa chochote. Kugonga kwa kigong'ota si jambo moja, ni mambo matatu, na kila moja lina sauti yake na sababu yake. La kwanza ni kugonga kwa kutafuta chakula: mapigo machache yasiyo na mpangilio, mawili au matatu, kisha kimya, kisha ndege huinamisha kichwa, huhama hatua moja, hubandua kipande cha gome na kugonga tena. Mdundo huo wa kukatikakatika ni wa uchunguzi, kwani ndege anapima mbao na kutafuta uwazi uliomo chini yake. Kigong'ota kadinali hufanya kazi hii zaidi kwenye vijiti vyembamba, na hata kwenye mabua ya mahindi yaliyokauka, ambayo katika mitaa ya mashariki husimama nyuma ya nyumba nyingi baada ya mavuno. Mapigo yake juu ya bua ni mepesi kiasi kwamba asiyeyatarajia huyadhania kuwa ni majani yanayogongana. Kigong'ota wa Nubia, kwa upande wake, hula chungu na mchwa kwa wingi, na mara nyingi huonekana akichokoa nyufa za gome kimyakimya badala ya kuchimba.

Jambo la pili ni kuchimba tundu la kulalia au la kutagia. Mapigo yake ni ya utaratibu, mazito kuliko ya kwanza, na husikika mahali pamoja siku baada ya siku, dume na jike wakipokezana zamu. Ushahidi wake hauko juu tu, uko chini pia, kwani vipande vya mbao vilivyochimbuliwa hutupwa nje, na mkazi anayefagia uwanja kila asubuhi akakuta chenga mpya za mbao chini ya tawi lilelile ana sababu nzuri ya kuinua macho. Kadinali hupenda kuchimba upande wa chini wa tawi kavu lililoinama, mahali ambapo mvua haiingii kwa urahisi, hivyo anayetazama mti kutoka dirishani tu anaweza kuishi miezi karibu na tundu asilione.

Jambo la tatu ndilo wataalamu wanaloliita kupiga ngoma, nalo halihusiani na chakula kabisa. Ni mfululizo wa mapigo ya haraka, mengi katika sekunde moja, yenye nafasi sawa, unaoanza ghafla na kukoma ghafla, na kazi yake ni ile ambayo ndege wengine huifanya kwa wimbo: kutangaza mipaka ya eneo na kumwita mwenzi. Kwa kazi hiyo ndege hachagui mti wenye mabuu, huchagua mti wenye mwangwi, yaani tawi kavu, lililo wazi ndani, linalotetema. Mapigo ya kadinali ni laini na ya kasi. Kigong'ota wa Nubia hupiga ngoma kwa nadra na hutegemea zaidi koo lake, akitoa mlio mkali wa kengele unaoongezeka kasi, ambao dume na jike huuitikia kwa pamoja hata mtu akadhani ni ndege mmoja. Huko Marekani na Ulaya baadhi ya vigong'ota wamejifunza kupiga ngoma juu ya mifereji ya paa, milingoti ya chuma na vifuniko vya dohani, kwa sababu chuma hupeleka sauti mbali kuliko mbao. Mkazi wa nyumba ya mabati atakayemsikia ndege akifanya hivyo atambue kwamba ndege huyo hana njaa wala hajapotea, bali amepata chombo kizuri zaidi cha kutangazia.

Suala la kelele linafaa kutazamwa kwa makini mahali kama hapa. Mwaka 2003 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walionyesha kwamba ndege wadogo waimbao wanaokaa penye kelele nyingi za mjini huimba kwa sauti za juu zaidi kuliko wenzao wa mahali tulivu, kwa sababu ngurumo za injini ni za chini na huzimeza sauti zilizo karibu nazo. Kigong'ota hana uhuru huo anapopiga ngoma, maana ukali wa sauti yake hutoka kwenye mbao, hautoki kooni. Alicho nacho ni kuchagua tawi na kuchagua saa. Kwa sababu hiyo mtazamaji wa Eastlands hufanya vyema kuamka Jumapili alfajiri, wakati viwanda vingi vimepumzika na matatu bado ni chache, naye akasikiliza kwanza kwa dakika kadhaa bila kutafuta kwa macho, kisha akatafuta upande wa mti ulio wazi kuelekea mwanga.

Tundu likishachimbwa huanza kazi nyingine kubwa, pengine kubwa kuliko zote. Kigong'ota haleti nyasi wala manyoya ndani. Jike hutaga mayai meupe, kwa kawaida mawili au matatu, juu ya chenga za mbao zilizobaki, na weupe huo hauna hasara kwa kuwa gizani hakuna adui wa kudanganywa kwa rangi. Wazazi wote wawili hulalia mayai, na katika familia hii ni kawaida dume kushika zamu ya usiku. Katika kadinali mayai huanguliwa baada ya siku kumi na kitu tu, muda mfupi sana kwa ndege, lakini makinda huhitaji karibu wiki nne zaidi kabla ya kutoka. Wanapohama, tundu hubaki, na hapo huja wapangaji ambao hawana mdomo wa kuchimba: kwezi wa aina fulani, shomoro, na hata nyuki. Ndege wengine wachimbaji wa mitaa hii ni zuwakulu, jamaa za mbali za kigong'ota wenye midomo minene, ambao mtazamaji mgeni huweza kuwachanganya naye. Zuwakulu kichwa-cheupe, anayeonekana kwa makundi yenye kelele kwenye mikuyu na mipapai ya Nairobi, huchimba mbao zilizooza lakini hupenda matunda, na hategemezi mkia wake kwenye shina.

Tundu hilo pia ndilo mahali pa mkasa mmoja mzito. Walembe ni jamii ya ndege ambao spishi yao moja inajulikana kwa kuwaongoza watu kwenye asali, na walembe hawalei watoto wao wenyewe, bali hutaga katika viota vya wengine. Mlembe koo-magamba hutumia hasa matundu ya vigong'ota, na mlembe mdogo hutumia hasa ya zuwakulu. Kinda la mlembe huzaliwa kipofu likiwa na kulabu kali kwenye ncha ya mdomo, na kwa kulabu hiyo huwaua makinda wa mwenye tundu gizani, kisha hulelewa peke yake na wazazi wasio wake. Mtazamaji akimwona ndege wa kijivu-kijani akikaa kimya kwa saa nzima karibu na tundu la kigong'ota, nao wenye tundu wakimfukuza mara kwa mara, ameona sehemu ya mambo hayo bila kuchungulia ndani. Wala kuchungulia hakufai, kwa sababu usumbufu huweza kuwafanya wazazi waache mayai.

Yanayoonekana hivyo yanastahili kuandikwa. Chama cha Historia ya Viumbe cha Afrika Mashariki, kilichoanzishwa mwaka 1909 na ambacho leo hujulikana kwa jina la Nature Kenya, kimekuwa na matembezi ya Jumatano asubuhi ya kutazama ndege Nairobi, yaliyoongozwa kwa miongo mingi na Fleur Ng'weno. Na mradi wa Ramani ya Ndege wa Kenya, ulioanza mwaka 2013, umeigawa nchi katika miraba ya takriban kilomita tisa kila upande, ambamo mtu yeyote anaweza kuwasilisha orodha ya ndege aliowaona. Mraba wenye maghala na mitaa ya mabati una nafasi sawa na mraba wenye mbuga. Orodha ya mkazi wa Jericho anayetazama mparachichi mmoja mwaka mzima, akiandika tarehe ya chenga za kwanza, tarehe ya makinda kulia tunduni na tarehe ya kutoka kwao, ina thamani ambayo mgeni anayepita siku moja na darubini ya bei kubwa hawezi kuileta.

Linabaki tawi lenyewe. Wananchi wa Nairobi wanajua kuutetea mti ulio hai, na Novemba 2020, wakati wa ujenzi wa barabara ya juu, mugumo mkongwe wa Waiyaki Way uliokolewa kwa amri ya rais baada ya watu kupaza sauti. Tawi kavu halina mtetezi. Katika mitaa ya mashariki hukatwa kwa sababu ambazo si za kudharauliwa: linaweza kuanguka juu ya gari, mtoto au waya za umeme, na tena ni kuni, na kuni ni chakula kilichoiva. Hata hivyo, kati ya kukata kila kikavu na kuacha kila kitu kining'inie kuna njia ya katikati, ambayo watunza misitu wa Ulaya na Marekani wameifuata kwa muda mrefu kwa kuacha makusudi baadhi ya miti mikavu imesimama. Mparachichi au mgrevilea uliokufa nyuma ya nyumba unaweza kupunguzwa matawi yake ya juu, yale yanayoelemea paa na waya, na shina likaachwa na kimo cha mita tatu au nne, mbali na njia ya watu. Kabla ya msumeno kuguswa, mwenye nyumba atazame kama kuna tundu la mviringo lenye ukingo safi na kama ndege anaingia na kutoka, na akiwaona, angoje wiki chache makinda waondoke. Shina la namna hiyo huchukua miaka kuoza, na katika miaka hiyo kuvu, mende, kigong'ota na wapangaji wake hulitumia kwa zamu, kila mmoja akitegemea kazi ya aliyemtangulia.